Mita Mia za Simbo

Nyuma ya kinu cha mawese palikuwa na mlima
usiokuwamo kwenye ramani:
maganda ya mise, miaka kumi na tisa ya maganda,
meusi, makavu, yenye kingo za kukata,
yakilia kra, kra, chini ya ndala za watoto.
Mama alielekeza wageni kwa mlima ule.
"Ukiyaona maganda, umefika kwa Nyabhenda."

Masika yakija, barabara ilikuwa inatuaga.
Inateremka bondeni kipande kwa kipande,
lami imebanduka kama ukoko wa sufuria.
Serikali inaleta kokoto, mvua inachukua kokoto,
mchezo wa wawili,
sisi tumekaa kibarazani tunahesabu magoli.

Mimi ni fundi wa maabara. Sina makuu.
Chumba changu kina dirisha moja, jirani na stoo ya matairi:
mizani, tanuri, daftari, mashine ya kuponda.
Kazi yangu ni kuvunja vitu
na kuandika vimevunjika kwa uzito gani.

Mhandisi Ruhuye alikuja na gunia begani,
shati limelowa mafuta.
"Twanga haya," akasema. "Changanya na chokaa,
na majivu ya matanuri ya chumvi, yale ya Uvinza.
Tuone."
Nikacheka kicheko cha mtu aliyekulia juu ya lundo lile,
mwenye kovu gotini la kulithibitisha.
Kwetu ganda huwashia moto.
Likizidi, hutupwa. Likitupwa, husahauliwa.

Mchemraba wa kwanza ulipasuka kabla mshale haujaamka.
Wa pili ukatoa mlio wa jino.
Nikaandika: hafifu.
Nikaandika: hafifu mno.
Tukapunguza maji. Tukaongeza majivu, kijiko, nusu kijiko.
Tukasubiri siku saba, tukasubiri ishirini na nane,
na Ruhuye akipiga simu usiku wa manane
kuulizia mchemraba
kama mtu mwenye mgonjwa wodini.

Wa kumi na moja
uligoma.
Mshale ukapanda, ukapanda,
mashine ikaguna, kioo cha dirisha kikatetemeka,
nami nikajikuta nimeng'ang'ania ukingo wa meza
nikiunong'oneza kwa Kiha, lugha isiyoandikwa daftarini:
komera, komera,
wewe ganda la mama yangu.

Tulipewa mita mia. Mia tu,
kwenye mteremko wa Simbo, pale malori ya mawese
huanza kukohoa.
Mwenye machimbo ya kokoto alisimama kando, mikono mfukoni,
akasema takataka ni takataka hata ukiivika lami.
Hatukumjibu. Kulikuwa na joto, na shindilia lilikuwa la kukodi,
linalipiwa kwa saa.

Masika mawili yamepita juu yake.
Sisemi haina ufa. Upo mmoja, upande wa kushoto,
mwembamba kama unywele, naupima kila Jumatatu.
Lakini shimo la kwanza, shimo hasa, lenye vyura,
linaanzia pale pale zilipoishia fedha zetu.

Na gunia la maganda sasa lina bei.
Wanawake wa kinuni wameyawekea kufuli.
Zaituni Kabhura amenunua bati sita;
wanaookota kuni wananuna,
maana moto wao wa bure tumeulaza barabarani.
Hilo sikuliandika daftarini. Halina safu yake.

Mwezi uliopita nilimleta mama.
Akavua viatu. Akatembea kutoka nguzo hadi nguzo,
polepole, kisha akarudi,
nyayo zake zenye nyufa za zamani zikiisoma lami.
Nilingoja aseme neno. Akatazama kule kinuni,
palipobaki uwanja mtupu na kuku wawili.

"Mlima wangu mmeulaza chini," akasema.
"Sasa wageni nitawaelekezaje?"

Waambie, mama, wapande gari na wafumbe macho.
Wakiacha kurushwarushwa,
wamefika.